Damu Isiyofuata Kabila: Kisa cha Selimundu na Malaria Afrika Mashariki

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara kuja kuuchunguza Mlima Kenya. Wengi katika msafara huo walifuata mimea na wanyama. Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil kwenye Bonde la Ufa, alikuwa na shughuli yake ya pembeni: kukusanya damu za watu. Alitaka kujua makabila ya Kenya yana undugu gani, na njia iliyoaminiwa wakati huo ilikuwa kulinganisha makundi ya damu. Watu wa asili moja, ilidhaniwa, watakuwa na uwiano unaokaribiana wa A, B na O. Kwenye orodha ya vipimo vyake akaongeza kimoja kidogo, cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na hicho ndicho kilichomvurugia hesabu zote za undugu.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Tone la damu linachanganywa na kemikali inayoinyima oksijeni, linafunikwa kwa kioo chembamba, kingo zinazibwa ili hewa isipenye, kisha mpimaji anasubiri. Akirudi kwenye hadubini, chembe nyekundu za mtu asiye na kinasaba (jeni) cha selimundu bado ni za duara, zimebonyea katikati. Za mwenye nacho zimejipinda na kuchongoka ncha mbili kama mundu. Kipimo hiki kina upungufu mmoja: hakitofautishi aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja, yaani mbebaji asiyeumwa, na aliyerithi kutoka kwa wote wawili, yaani mgonjwa. Kwa watu wazima wa miaka ile upungufu huo haukuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ya kusikitisha: wagonjwa wengi hawakuufikia utu uzima.

Matokeo yalitoka hivi. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa wabebaji. Nyanda za juu na sehemu kavu, chini ya mmoja kati ya 100.

Ukiyasoma matokeo hayo kwa jicho la ukabila, hayaeleweki. Wakikuyu wanasema lugha ya Kibantu, ya ukoo mmoja na lugha za Mijikenda wa pwani, lakini kwenye kipimo hiki wanakaa pamoja na Wamaasai. Wajaluo ni Waniloti kama Wamaasai, na bado damu zao zinafanana na za majirani zao Wabantu wa kando ya ziwa kuliko za Wamaasai. Makundi ya A, B na O hayakuonyesha mgawanyiko wa namna hiyo. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinaigawa selimundu, na kitu hicho hakikujali nani anaongea lugha gani.

Mwaka huohuo wa 1949 watafiti wawili waliokuwa Uganda, Lehmann na Raper, walichapisha takwimu zao. Wakiga wa milimani walikuwa na wabebaji karibu mmoja tu kati ya 100. Waamba wa Bwamba, chini ya Milima ya Rwenzori, walikuwa na zaidi ya 40. Makundi yote mawili ni ya Kibantu. Takwimu zao ni nzuri, ila maelezo waliyoyatoa yalielemea upande wa asili na historia ya makabila, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Sioni sababu ya kuwacheka. Ukiwa umezoea kuuliza "hawa ni akina nani?", kila jibu utakalopata litakuwa la ukoo. Allison alikuwa na swali hilohilo. Tofauti ni kwamba yeye aliyajua mashamba, mabwawa na miinuko ya Kenya tangu utotoni, na takwimu zilipokataa kuingia kwenye swali la kwanza, akawa na la pili la kuuliza: hawa wanaishi wapi?

Kulikuwa na fumbo la pili, gumu zaidi. Mwaka 1949 ilithibitishwa kwamba mgonjwa wa selimundu amerithi kinasaba mara mbili, na mbebaji mara moja. Sasa tazama hesabu. Mahali ambapo watu wazima 20 kati ya 100 ni wabebaji, mtoto mmoja kati ya 100 anazaliwa mgonjwa. Kila mtoto huyo akifa, vinasaba viwili vya selimundu vinapotea, na hiyo ni sehemu moja ya kumi ya vinasaba vyote vya aina hiyo katika kizazi chake. Hasara kubwa kiasi hicho katika kila kizazi ingetosha kukifuta kinasaba zamani za kale. Wapo waliosema labda kinazaliwa upya kila mara kwa mabadiliko ya ghafla ya vinasaba. Lakini ili kuziba pengo la moja ya kumi, mabadiliko hayo yangepaswa kutokea kwa kasi isiyoonekana popote pengine katika mwili wa binadamu, tena pwani na ziwani tu, huku yakiiruka Nyeri. Haiwezekani.

Kilichobaki ni kwamba mbebaji anapata faida fulani inayofidia hasara ya mgonjwa, na faida hiyo ipo pwani na ziwani lakini haipo milimani. Mtu yeyote aliyelala Kisumu bila chandarua ana wazo la kitu hicho ni nini.

Kimelea hatari zaidi cha malaria, Plasmodium falciparum, kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu aina ya Anopheles. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji unakuwa wa polepole kiasi kwamba mbu anakufa kabla kimelea hakijawa tayari kuambukiza. Ndiyo maana, katika miaka ya Allison, unavyopanda mlima ndivyo malaria ilivyokuwa inapungua, na sehemu kavu zisizo na madimbwi ya kudumu zilikuwa nayo kidogo au kwa msimu tu. Ramani ya mbu na ramani ya chembe za mundu zilikaribia sana kuwa moja. Wazo la malaria kuchuja damu za watu halikuwa la Allison peke yake: mwanabaiolojia J. B. S. Haldane alilitaja mwaka huohuo wa 1949 kuhusu thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ya nchi za Mediterania, na daktari mmoja wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, aitwaye Beet, alikuwa ameripoti mwaka 1946 kwamba wabebaji wa selimundu walionekana na vimelea mara chache kuliko wengine. Allison alikwenda hatua moja mbele zaidi: akatafuta namna ya kulijaribu wazo hilo.

Alimaliza kwanza masomo ya udaktari, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953 na kufanya mambo matatu.

La kwanza, alipima watoto 290 wa maeneo ya Kampala. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 12, sawa na asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasio wabebaji, walikuwa 113, karibu asilimia 46. Chaguo la watoto lina mantiki yake: mtu mzima aliyekulia penye malaria ana kinga aliyoijenga kwa kuumwa mara nyingi, na kinga hiyo inaficha tofauti ya damu. Mtoto mdogo bado hana.

La pili linasomeka kwa shida leo. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, ambao walikuwa wameishi mbali na maeneo ya malaria kwa angalau miezi 18. Nusu yao walikuwa wabebaji. Wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi na kufuatiliwa kwa siku 40. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 waliugua. Kati ya wabebaji 15, wawili. Kamati ya maadili ya utafiti ya leo ingekuwa na maswali mengi kuhusu jaribio hilo. Wanaume wa Kiafrika katika koloni, mwaka 1953, wakiombwa na daktari Mzungu wakubali kudungwa vimelea: neno "waliojitolea" lina mipaka yake katika mazingira ya namna hiyo. Hilo haliyabatilishi matokeo, ila majina ya wanaume hao hayapo kwenye historia ya ugunduzi, na yangestahili kuwapo.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa na nguvu kuliko mengine, ingawa halisimuliwi sana: ramani. Alipima karibu watu 5,000 wa Afrika Mashariki na kulinganisha, kabila kwa kabila, idadi ya wabebaji na ukali wa malaria ya mahali wanapoishi. Penye malaria ya mwaka mzima, wabebaji wengi. Pasipo na malaria, hawapo au wachache mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Hayakupokelewa kwa makofi. Watafiti wengine walilichunguza jambo hilo upya, nchini Kenya na hata Marekani, na hawakuona tofauti ya maana kati ya wabebaji na wengine. Ukitazama nyuma, pande zote mbili ziliona sehemu ya ukweli. Jaribio la Wajaluo 30 lilimfanya msomaji aamini kwamba mbebaji haambukizwi. Sivyo. Mbebaji anaumwa na mbu, anapata vimelea, na anaweza kuugua homa. Anachokingwa dhidi yake hasa ni malaria kali, ile inayopanda kichwani au kumaliza damu ya mtoto ndani ya siku chache. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005 ulilionyesha jambo hili kwa ngazi: kinga ya karibu asilimia 50 dhidi ya malaria nyepesi, 75 dhidi ya kulazwa hospitalini kwa malaria, na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Miaka mitatu kabla ya hapo, uchunguzi wa Asembo, magharibi mwa Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba watoto wabebaji wanakufa kwa uchache zaidi, hasa kati ya umri wa miezi 2 na 16. Mwenye kuhesabu vimelea kwa mtu mzima aliyejitolea angeweza kukosa tofauti yote hii. Mwenye kuhesabu makaburi ya watoto asingeikosa.

Kwa nini asilimia 20 mahali fulani na 40 mahali pengine? Hapa hesabu ndogo inafaa. Chukua mimba 100 mahali ambapo kinasaba cha selimundu ni kimoja katika kila vitano. Kwa kanuni ya urithi, 64 hawana kinasaba, 32 ni wabebaji, 4 ni wagonjwa. Tuseme wagonjwa wote 4 wanakufa kabla ya kuzaa, na malaria inaua robo ya wale 64, yaani 16, zaidi ya inavyoua wabebaji. Wanabaki 80, na wabebaji ni 32 kati yao: asilimia 40 kamili, kama Bwamba. Kizazi kinachofuata kinaanza na uwiano uleule, na mizani imetulia. Sasa chukua mahali ambapo kinasaba ni kimoja katika kila kumi, na punguza ukali wa malaria hadi iue 9 kati ya 81 wasio nacho: wanabaki 72, wabebaji 18, na mgonjwa mmoja anakufa. Kumi na nane kati ya 90 ni asilimia 20. Pandisha mlima hadi malaria iwe sifuri, na hakuna kitu cha kukishikilia kinasaba. Kinabaki kinakula watoto bila kumlinda yeyote, hadi kiishe.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo linalouma. Pale Bwamba, kwa kila mtoto mgonjwa mmoja, wanne wasio na kinasaba wanakufa kwa malaria. Uteuzi wa asili haukumtafutia mtu afya. Ulifika mahali ambapo hasara mbili zinalingana kwa uwiano, ukasimama hapo.

Kuhusu namna kinga inavyofanya kazi, tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, si sawa na ya kawaida, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akakuta kwamba zinatofautiana katika kiungo (asidi amino) kimoja tu, cha sita kwenye mnyororo wa beta, ambapo asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Kwa sababu hiyo himoglobini ikipungukiwa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu hujificha kwenye mishipa midogo, palepale penye oksijeni kidogo, na kwa mbebaji nyuzi hizo hukizuia kukua. Chembe yenye kimelea nayo inajikunja mapema na kuchujwa na bandama. Zaidi ya hapo, kimelea kinashindwa kupanga vizuri juu ya chembe ile protini ya kunata inayokisaidia kung'ang'ania kuta za mishipa, na kuziba mishipa ya ubongo ndiko kunakoua. Huko Kilifi pia ilionekana kwamba kinga ya mbebaji inaongezeka kadiri mtoto anavyokua hadi kufikia miaka kumi hivi. Chembe peke yake haiwezi kuelezea ongezeko hilo. Mfumo wa kinga una mkono wake humo.

Kilifi ilileta pia matokeo ambayo yangemshangaza hata Allison. Watu wengi wa pwani wana aina nyepesi ya thalasemia ya alfa, ambayo nayo inakinga dhidi ya malaria kali. Ungetegemea aliye na vyote viwili awe na kinga maradufu. Kinyume chake, karibu kinga yote inapotea. Mabadiliko mawili, kila moja zuri likiwa peke yake, yakikutana yanafutana. Hii inasaidia kueleza kwa nini sehemu moja ya dunia ilielemea selimundu na nyingine thalasemia, huku malaria ikiwa ileile.

Kuna sentensi iliyozoeleka kwamba selimundu ni ugonjwa wa Waafrika, au wa watu weusi. Mlima Kenya peke yake unatosha kuikanusha, kwa kuwa watu walioishi miteremkoni mwake ni Waafrika na karibu hawana. Upande wa pili, selimundu ipo Orchomenos huko Ugiriki, karibu na lililokuwa Ziwa Kopais. Ipo kwenye oasisi za mashariki mwa Saudi Arabia. Ipo kwa jamii za milima ya Nilgiri kusini mwa India. Ukitaka ushahidi wa kupimisha jambo hili pande zote mbili, nenda Karibiani. Watu waliotolewa Afrika Magharibi kama watumwa walipelekwa wengine Suriname, penye malaria, na wengine Curaçao, kisiwa kikavu kisicho nayo. Vizazi kadhaa baadaye, wabebaji walionekana wachache zaidi Curaçao kuliko Suriname. Asili moja, mazingira mawili, damu mbili.

Mazingira yenyewe si kazi ya asili peke yake. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone alieleza kwamba huko Afrika Magharibi kilimo ndicho kilichompa mbu nafasi: msitu mnene hauna madimbwi yenye jua ambayo Anopheles gambiae anayapenda, ila shamba lililofyekwa linayo, na kando yake kuna watu wengi wanaolala pamoja. Uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kinasaba cha selimundu kilianza kwa mtu mmoja miaka 7,300 hivi iliyopita. Kwa hiyo jembe limo katika kisa hiki. Vimelea navyo havijakaa kimya: utafiti wa mwaka 2022 wa watoto wa Gambia na Kenya ulikuta kwamba vile vinavyofanikiwa kuwaambukiza wabebaji vina mabadiliko yao maalumu ya vinasaba.

Kisa hiki kimefundishwa mashuleni kwa ufupi uliozidi, na ufupi huo unadhuru. "Selimundu inakinga malaria" ni sentensi hatari ikimfikia mzazi wa mtoto mgonjwa. Anayekingwa ni mbebaji. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi bandama yake imeharibika tangu utotoni, damu yake ni pungufu tayari, na malaria ikimpata inaweza kumuua haraka. Yeye ndiye wa kwanza kuhitaji chandarua na dawa za kujikinga. Jaribio la dawa ya haidroksiyurea lililofanyika Uganda, Kenya, Kongo na Angola, na kuchapishwa mwaka 2019, liliwapunguzia watoto wagonjwa maumivu na vifo, na likapunguza malaria pia.

Leo wajukuu wa watu wa ziwani wamezaliwa Nairobi na Dodoma, ambako mbu ni wachache kuliko walivyokuwa kwa babu zao, na kinasaba wamekuja nacho. Kitachukua muda gani kupungua? Tuseme malaria imeisha kabisa na hakuna tiba yoyote ya selimundu. Mahali palipoanza na kinasaba kimoja katika kila kumi, kizazi kinachofuata kitakuwa na kimoja katika 11, kisha 12, kisha 13. Kufika kimoja katika 20, yaani nusu tu ya mwanzo, kutahitaji vizazi kumi, karibu miaka 250. Tiba ikiwafikia wagonjwa nao wakakua, wakaoa na kuzaa, kushuka huko kutakuwa polepole zaidi, na sidhani kama yupo mzazi atakayelilalamikia hilo.